Kimya cha Mwalimu wa Awali



Tumezoea kusema kwamba mtoto wa miaka minne hajui ubaguzi mpaka afundishwe. Ni kweli, ila tunasahau kwamba hufundishwa pia kwa yale tunayoyanyamazia.

Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwawekea watoto Weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliotofautiana kwa rangi ya ngozi na nywele tu. Nipe unayependa kucheza naye. Nipe anayeonekana mbaya. Nipe anayefanana nawe. Kati ya watoto 253, takriban theluthi mbili walitaka kucheza na mweupe. Walipofika kwenye swali la kufanana, wapo walioangua kilio. Mwaka 1954 utafiti huo ulitajwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha shule za serikali zilizowatenga watoto kwa rangi.

Lakini kuwaketisha watoto chumba kimoja hakukumaliza kazi. Mwaka 1989 Louise Derman-Sparks, aliyefundisha Chuo cha Pacific Oaks, California, alitoa pamoja na walimu wenzake mtaala wa kupinga ubaguzi kwa watoto wadogo. Waliukataa utaratibu wa kitalii: leo tunaonja vyakula vya wenzetu na kuvaa nguo zao, kesho darasa ni lilelile. Walitaka mtoto ajikubali bila kumdharau mwingine, azoee tofauti, autambue uonevu na athubutu kuukataa.

Nije kwetu Tanzania. Watoto wa chekechea wanashikana mikono wacheze ukuti. Mmoja anauficha mkono wake mgongoni, kwa kuwa jirani yake ana ualbino. Anauliza kwa sauti: "Mwalimu, akinigusa nitakuwa kama yeye?" Mwalimu anashikwa na haya. "Shii! Usiseme hivyo!" Mchezo unaendelea, na darasa zima limeelewa kwamba mwenzao ana jambo baya kiasi kwamba hata mwalimu analiogopa. Naye mwenyewe amesikia.

Jibu lipo, na ni fupi. "Hapana, ualbino hauambukizi. Amezaliwa hivyo. Ngozi yake haina rangi nyingi kama yako, kwa hiyo jua humuunguza upesi, ndiyo maana anavaa kofia. Macho yake hayaoni vizuri mbali, ndiyo maana anakaa mbele." Kisha mwalimu amshike mkono yeye kwanza, kabla ya kumwomba mtoto mwingine.

Ili ajibu hivyo, mwalimu lazima awe anajua. Mtoto hurithi ualbino kutoka kwa baba na mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wanaubeba bila wao kuonekana nao, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kumpata mtoto mwenye ualbino. Wangapi kati ya wanaofuzu vyuoni wanaweza kumweleza hivyo baba anayemshuku mkewe kwa sababu mtoto amezaliwa na ualbino? Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, elimu hii inalinda uhai.

Ila naomba sana: mtoto yule mwenye ualbino asisimamishwe mbele kuwa kielelezo cha somo. Kay Taus, mmoja wa wenzake Derman-Sparks, alibuni njia ya upole zaidi. Mwalimu huleta mwanasesere mwenye jina, familia na historia yake, halafu huwaambia watoto kwamba leo amekataliwa kwenye mchezo. Tumsaidieje? Watoto hutoa mashauri, na hakuna anayeaibishwa. Mwanasesere wa namna hiyo anaweza kushonwa kwa vipande vya kitenge kutoka kwa fundi wa mtaani.

Ombi langu kwa vyuo vya ualimu ni hili. Mkufunzi anapokwenda kumkagua mwanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, pamoja na andalio la somo na zana, amuulize: wiki hii mtoto gani alikuuliza kuhusu mwenzake, na ulimjibu nini?