Kalamu Haimkatai Mzee



Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka mpaka kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, na wengi wao ni akina mama wachuuzi. Fikirieni mmoja wao, mama wa miaka 55, aliyeibiwa mzigo wake akaja kituoni kutafuta haki. Askari anaandika maelezo yake. Akimaliza anamsogezea karatasi na kidau cha wino. Mama anabonyeza kidole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Askari huyo huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini kesho mama atabonyeza kidole hicho hicho mbele ya mkopeshaji au mnunuzi wa shamba, naye huenda si mwaminifu. Asiyejua kusoma huishi kwa huruma ya aliyeandika.

Wapo wasemao kwamba mzee hafundishiki tena, kwani udongo huwahiwa ungali maji. Historia ya jirani zetu yawakanusha. Nchini Tanzania, sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakasoma chini ya miembe, katika majumba ya ibada na katika viwanda, aliyejua akimfundisha asiyejua. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kiasi cha 10 katika kila 100.

Nchini Kenya, Januari 2004, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake, na mwaka 2005 akasafiri hadi New York kuutetea usomaji mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliendelea kuipenda shule hadi alipofariki mwaka 2009.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza ni macho. Apitapo miaka 40, mtu huanza kuziona herufi kwa shida, akadhani akili yake imechoka, kumbe anahitaji miwani tu. Hapa Rwanda, tangu 2012, wauguzi wa vituo vya afya walifunzwa kupima macho na kutoa miwani ya kusomea kwa bei nafuu. Mzee aanzie huko kabla hajajilaumu.

Pili ni kusahau. Juhudi zilipolegea nchini Tanzania, ujinga ulirudi: sensa ya 2002 ilikuta karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Anayehitimu kisomo bila kupata kitu cha kusoma nyumbani ni kama mkulima aliyepewa jembe asipewe shamba.

Ndugu askari, jambo hili lawahusu kwa njia mbili. Ninyi wenyewe mtazeeka. Siku ya kustaafu sare na bunduki vitarudi ghalani, nanyi mtabaki na yaliyomo kichwani. Basi askari aliyeacha shule mapema asingoje siku hiyo. Ajifunze jioni, ajiandae kwa mtihani, wala asione haya kuketi dawati moja na kijana. Na Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, kitamfaa popote katika Afrika Mashariki.

Tena, ninyi mnaojua ni walimu tayari. Baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, askari mmoja mwenye ubao na chaki aweza kuwafundisha wazee kumi majina yao. Na anayeandika maelezo ya raia asiyejua kusoma ayasome kwa sauti, neno kwa neno, kabla hajaomba kidole. Huo ni wajibu wake leo.

Lakini tuazimie kwamba mama yule atakaporudi kituoni siku nyingine, atakisukuma kando kidau cha wino, aombe miwani yake, aisome karatasi mwenyewe, kisha atie saini.