Maji ni Amana Shingoni Mwetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aijaaliaye mvua kuwa uhai wa ardhi na wa waja wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya wanafunzi: tunakuusieni, na nafsi zetu tunaziusia, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya neema ambayo kila mmoja wetu ameigusa kabla ya kusimama katika safu hii, nayo ni maji ya udhu.

Maji yale yametoka wapi? Mkazi wa Kariakoo atajibu kwamba yametoka bombani. Lakini sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao chemchemi zake zimo katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Basi udhu wa mtu wa Gerezani au Ilala huanzia milimani, penye misitu asiyoijua, kwa watu asiowajua.

Mwezi Oktoba 2022 mto huo ulipungua sana kwa uhaba wa mvua, na Mamlaka ya maji ya DAWASA ikatangaza mgawo. Uzalishaji ulishuka hadi kiasi cha lita milioni 300 kwa siku, katika mji wenye watu zaidi ya milioni tano. Tuliona madumu yakipangwa foleni tangu alfajiri, na mikokoteni ikipita vichochoroni ikiuza maji kwa bei iliyopanda kila uchao. Na mji huu huu, Desemba 2011, ulikuwa umepatwa na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40, Bonde la Msimbazi likiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka mmoja maji yanatukimbia, mwaka mwingine yanatuvamia.

Wako wasemao: "Mvua ni kadari ya Mungu, sisi tuna kosa gani?" Ni kweli kwamba mvua iko mikononi mwa Mola. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Ar-Rum, inatufundisha kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Imani ya kadari haikuja kumvua mja dhima yake.

Na mikono ya watu imefanya nini? Tangu karne ya kumi na tisa, viwanda na vyombo vya usafiri, hasa vya nchi tajiri, vimechoma makaa ya mawe na mafuta mengi mno, na dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi moja ya Selsiasi. Hewa yenye joto hunyonya unyevu wa ardhi kwa nguvu zaidi, na hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo ukame huzidi ukali, na mvua inaponyesha huja kwa kishindo. Katika dhambi hiyo fungu letu ni dogo, ingawa adhabu yake tunaionja.

Lakini liko fungu ambalo ni letu wenyewe. Mkaa unaowaka chini ya sufuria zetu ni miti iliyokatwa Morogoro, Pwani na mikoa mingine. Msitu hupokea mvua, ukaiacha izame polepole ardhini na kuulisha mto wakati wa kiangazi. Ukiondolewa, maji hukimbia kwa siku moja pamoja na udongo, na mto hukauka baadaye. Mlimaji wa Uluguru ni mnyonge atafutaye riziki; tusimlaumu yeye huku sisi tukinunua gunia baada ya gunia. Mwenye uwezo wa kupikia gesi, japo kwa baadhi ya vyakula, na afanye hivyo.

Tena tumeugeuza Mto Msimbazi jaa la taka, ilhali Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa hata katika maji yaliyotuama. Na chini ya miguu yetu tumechimba visima vingi karibu na bahari. Maji matamu yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia mahali pake. Wanazuoni wetu wa fikihi waliweka tangu zamani hukumu ya harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba akakidhuru. Leo choo na kisima vinapakana katika ua mmoja, kisha tunashangaa kipindupindu kinapoingia.

Ndugu zetu, katika hadithi sahihi imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita moja. Sisi tunafungua bomba, tukazungumza na mwenzetu, na maji yanatiririka. Lililo zito kuliko hilo ni kumnyima mwenye kiu. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye maji ya ziada akamnyima msafiri ni miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Na Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, mjini Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakifanya wakfu kwa Waislamu wote.

Basi tunawaambia wenye nyumba: mgawo unapokuja, msimfungie mpangaji bomba la kisima hali matangi yenu yamejaa. Tunawaambia wauzaji: biashara ni halali, lakini kuificha bidhaa ili shida ya watu ikupandishie bei ni dhuluma. Na tunaziambia kamati za misikiti, yetu ikiwa ya kwanza: msikiti wenye kisima na uweke bomba nje ya uzio, jirani achote bila kuulizwa dini yake. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 kwa usanifu wa Beda Amuli, lilijengewa mapaa ya zege yenye kukinga maji ya mvua. Ikiwa soko liliweza kuwa na hekima hiyo, msikiti hauna udhuru wa kuacha mvua ya paa lake iende mtaroni.

Ukame ukirejea tutatoka kuswali swala ya kuomba mvua. Lakini wanazuoni wametufunza kuitanguliza kwa toba na kwa kurudisha haki za watu. Tutainuaje mikono kuomba maji, na funguo za kisima zi mifukoni mwetu?

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na utujaalie tuwe wenye kuitunza amana yako. Amin.