Mazoezi ya Kompyuta: Kuhamia Toleo Jipya Bila Kuwayumbisha Wanafunzi

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili, Kagerankanda)



Tumeulizwa swali, nalo ni la haki: mazoezi ya darasa la kompyuta yalikwisha kuandikwa na kulipiwa, kwa nini tunayaandika tena?

Lugha tunayowafundishia vijana kuandika programu inaitwa Python. Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, nalo halikupatana na toleo la 2. Programu nyingi za zamani zilikataa kufanya kazi. Mwisho wa toleo la 2 ulipangwa kuwa mwaka 2015, ukasogezwa hadi tarehe 1 Januari 2020, kwa sababu watumiaji wengi duniani walikuwa hawajahama. Sisi huku tulichelewa zaidi. Kompyuta isiyo na intaneti huendelea na toleo lake la zamani bila kumwuliza mtu.

Kompyuta mpya zilipofika zikiwa na toleo la 3, muhula ulikuwa katikati. Kwa furaha tukaziwasha siku hiyo hiyo. Kosa lilikuwa letu. Karatasi ya mazoezi ilisema andika print, kisha maneno yako ndani ya alama za kunukuu. Toleo jipya linataka mabano, kwa hiyo kompyuta ikajibu, tena kwa Kiingereza, kwamba kuna kosa. Mwanafunzi aliyefuata karatasi sawasawa akaambiwa amekosea. Binti mmoja alifuta na kuandika upya mchana kutwa, kisha hakuonekana tena darasani. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba kichwa chake hakiwezi kompyuta. Maneno hayo alikwisha kuyasikia shuleni. Hakuhitaji kuyasikia tena kwetu.

Na hilo la mabano ni jepesi, maana kosa linaonekana. Zoezi letu la tisa linagawa magunia 7 ya maharage kwa wakulima 2. Toleo la zamani linajibu 3, jipya linajibu 3.5, na hakuna onyo lolote. Tulitumia programu iitwayo 2to3 kugeuza mazoezi ya zamani kuwa mapya, lakini alama ya kugawanya iliiacha kama ilivyo, kwani haiwezi kujua mwandishi alitaka jibu lipi. (Wakulima wa hapa wangelichagua 3.5, nusu gunia la maharage si la kutupa.)

Sasa tunafanya hivi. Waliokwisha kuanza wanamaliza na toleo walilolianzia, na kompyuta za zamani zinabaki kwa ajili yao. Mazoezi yao tunayaandika kwa namna inayokubaliwa na matoleo yote mawili: print yenye mabano na kitu kimoja ndani yake inafanya kazi kotekote, na alama ya kugawanya ikiandikwa mara mbili, //, hutoa namba nzima kotekote. Yale ya kumwuliza mtumiaji jina lake hayapatani kirahisi, maana la zamani linataka raw_input na jipya input. Hayo yanangoja darasa jipya. Mwalimu analijaribu kila zoezi kwenye kompyuta za aina zote mbili kabla karatasi hazijapelekwa Kasulu kudurufiwa. Namba za mazoezi hatuzigusi, ili aliyekosa wiki za kupanda maharage arudi azikute palepale.

Ndiyo maana tunaomba mihula miwili badala ya mmoja, pamoja na fedha za karatasi. Wafadhili wetu, taarifa ya muhula huu itaonyesha baadhi ya kompyuta mpya hazijaanza kutumika. Msidhani zimesahauliwa.

Binti yule tulimfuata nyumbani pamoja na mwalimu, tukamwonyesha yale mabano mawili. Yuko zoezi la kumi na nne. Wapo wengine walioacha wakati ule ambao hatujawafikia. Kamati zinazowafahamu zitupatie majina leo kabla hatujatawanyika, daftari zao tunazo.