Barua Zinazosubiri: Foleni ya Seva ya Baruapepe katika Jimbo la Lualaba



Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa katika nchi yetu nzima, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. SMS nazo zilizimwa. Huduma ilirudi Januari 2019, baada ya karibu siku 20. Watu wa Goma waliponea kwenye laini za Rwanda, na wa Kinshasa wakatafuta mawimbi ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Sisi wa Kolwezi, jimboni Lualaba, hatuna mji jirani wa kuazima mawimbi.

Mengi yalisemwa kuhusu siku zile: haki ya raia kupata habari, hasara ya wafanyabiashara. Leo naomba tutazame jambo ambalo halikusemwa. Baruapepe zilizotumwa kwenye seva zilizosimama humu nchini siku hizo zilikwenda wapi?

Seva ya barua isipompata mwenzake haitupi barua. Huiweka kwenye foleni, hujaribu tena baada ya dakika kadhaa, kisha tena, ikizidi kuacha nafasi kati ya jaribio na jaribio. Kanuni za SMTP, itifaki ambayo seva hupelekeana barua, zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982 na kuandikwa upya mwaka 2008, zinamtaka mtumaji avumilie walau siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998 akiwa mtafiti wa IBM, huja ikiwa imepangiwa siku 5. Basi barua iliyotoka Lusaka au Brussels tarehe 1 Januari, ikielekea kwenye seva iliyofungiwa ndani ya Kongo, kufikia tarehe 6 au 7 ilikuwa imekwisha kumrudia mwenyewe na taarifa kwamba haikufika. Mtandao ulipofunguliwa, zilizokuwa bado kwenye foleni ni zile za siku 5 za mwisho tu.

Siku 5 si sheria ya maumbile. Ni namba iliyo kwenye faili, na mwenye ruhusa ya kuingia katika mashine huibadilisha kwa mstari mmoja: postconf -e maximal_queue_lifetime=30d. Ndiyo hoja yangu yote. Jimbo hili linahitaji watu wake wenyewe wanaoweza kuingia ndani ya seva, kuisoma foleni, na kuamua barua zetu zingoje muda gani. Siku 5 hazitoshi kwa mtandao unaokatwa kwa siku 20.

Kuna pingamizi ambalo si la kupuuzwa. Aliyekuwa na anwani ya Gmail alifungua sanduku lake Januari ile na kukuta barua zote, kwa sababu zilipokelewa ng'ambo na kumngoja huko. Kwa nini basi tujisumbue? Kwanza, katika siku zile 20 ofisi mbili zilizo kwenye jengo moja hazikuweza kuandikiana kwa Gmail, kwa kuwa barua ilipaswa kutoka nje ya nchi na kurudi. Seva iliyo ndani ya jengo ingeendelea kugawa barua za ndani bila kujali kilichofungwa Kinshasa. Pili, na hili huniuma zaidi, ofisi zetu nyingi huandikia dunia kwa anwani binafsi ya karani. Karani akihama, mawasiliano ya miaka yote huhama naye. Katika jimbo ambalo mashauri ya ardhi, maji na mikataba ya migodi huchukua miaka mingi, huko ni kupoteza ushahidi.

Sasa, kwa nini seva itunzwe kwa mstari wa amri? Kwa sababu ya njia tuliyonayo. Paneli ya kuendeshea seva kupitia kivinjari inaweza kudai megabaiti kadhaa kabla haijakuonyesha chochote. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali na kuandika amri, hupeleka herufi tu, na herufi hupita hata kwenye njia dhaifu kabisa. Kwa setilaiti ya kawaida, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kila herufi hukawia zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Inachosha, lakini kazi hufanyika. Programu ya mosh, iliyotolewa na watafiti wa MIT mwaka 2012, hata huvumilia njia ikikatika na kurudi bila kukutupa nje. Mwanafunzi mwenye simu ya Android anaweza kuitunza seva akiwa mbali, Mutshatsha.

Akishaingia, ajue kusoma. Amri ya mailq humwonyesha kila barua inayongoja: kitambulisho chake, ukubwa, saa ilipoingia, aliyeituma, na ndani ya mabano sababu ya kukwama. Alama ya nyota inasema barua iko njiani sasa hivi. Alama ya mshangao inasema imezuiwa kwa makusudi. Majibu ya seva za wenzetu huja kwa namba: yanayoanza na 4 yana maana ya kurudi baadaye, yanayoanza na 5 yana maana ya kutorudi kabisa. Mtunzaji asiyetofautisha haya mawili atapoteza usiku mzima akisukuma barua ambayo mwenyeji amekwisha kuikataa.

Amri ninayoithamini kuliko zote ni qshape deferred. Huchora jedwali: upande mmoja domeni za wapokeaji, upande wa pili umri wa barua kwa dakika, 5, 10, 20, 40, hadi kupita 1280, yaani zaidi ya saa 21. Namna namba zilivyokaa ndiyo inayosema. Domeni zote zikiwa na barua changa kwa mpigo, njia yetu ndiyo imekatika muda si mrefu. Domeni moja ikiwa na barua nzee huku nyingine zikipita, tatizo liko kwa mwenyeji yule, au ametukataa. Maelfu ya barua yakielekea kwenye domeni tusizozijua, nywila ya mtu imeibwa na seva yetu inamwaga takataka duniani. Hapo usingoje asubuhi, maana wapokeaji wakubwa huwachunguza watumaji. Tangu Februari 2024 Gmail inadai SPF au DKIM, njia za kuthibitisha mtumaji, kwa kila anayeandika, na zote mbili pamoja na ya tatu, DMARC, kwa anayepeleka zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Seva iliyochafua jina lake hukaa muda mrefu kabla ya kuaminiwa tena. Zifute barua za mwizi peke yake, kwa vitambulisho vya barua hizo. Amri ya postsuper -d ALL hufuta foleni nzima wala haiulizi mara mbili.

Nizungumzie umeme. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inafika Kolwezi tangu 1982. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu wenyewe, Lualaba. Hata hivyo mitaa yetu hulala gizani mara nyingi, na seva nayo huzimika. Katika hili waliobuni Postfix walitufaa sana. Seva inapojibu 250, imekubali dhamana ya barua, na Postfix haitoi jibu hilo kabla barua haijaandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika sekunde inayofuata, barua ipo. Ukikatika kabla ya jibu, mtumaji bado anayo nakala yake na atarudia. Ila ahadi hiyo inategemea diski isiyodanganya na isiyojaa. Kwa hiyo df -h na df -i ziangaliwe kila siku, maana diski inaweza kuwa na nafasi tele na bado ikawa imeishiwa na namba za kuandikishia faili mpya.

Mtandao ukirudi, kishawishi ni kuandika postqueue -f mara kumi kusukuma kila kitu. Tusifanye hivyo. Barua za watu wasiofikika huanza kugombania nafasi na zile zinazoweza kupita, na foleni huzidi kuwa nzito. Sukuma mara moja, kisha usome kumbukumbu za seva.

Lakini kurefusha muda kwenye seva yetu huokoa zinazotoka tu. Zinazoingia ziko mikononi mwa watumaji, nao wana siku zao 5. Dawa ni seva ya akiba, iliyotajwa katika rekodi za MX, zinazowaonyesha watumaji seva za domeni yetu, kwa namba kubwa kuliko ya kwetu, yenye orodha ya anwani zetu halisi ili isipokee taka kwa niaba yetu. Lubumbashi haifai wala Kinshasa haifai, kwa sababu mwaka 2018 nchi nzima ilizimwa pamoja. Iwe kwenye chuo rafiki Lusaka au Dar es Salaam, nasi tuwawekee ya kwao hapa. Ipangiwe siku 30. Njia ikifunguka, seva yetu itaiita kwa ETRN, amri iliyowekwa rasmi mwaka 1996 kwa ajili ya mashine zisizokuwa mtandaoni muda wote, nayo itaachilia yote iliyotuhifadhia. Na kwa watu wetu wa hapa, kipimo cha delay_warning_time kiwekwe muda wa saa nne, ili anayeandika ajue barua yake bado iko foleni na atafute njia nyingine kama jambo ni la haraka.

Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa Desemba 2028. Kabla ya hapo, napendekeza kwa Bwana Rekta wa chuo chetu kwamba wanafunzi wa informatiki wakabidhiwe foleni halisi ya chuo, kwa zamu, usiku na mchana, chini ya uangalizi wa walimu wao. Mwaka wao wa kwanza ukiisha, tuchomoe waya wa nje kwa siku 20 kamili. Watu walio Lubumbashi, Nairobi na Brussels watuandikie barua zenye namba kila siku ya kipindi hicho. Siku ya 21 tuurudishe waya, tuite seva ya akiba, na tuzihesabu barua hizo moja baada ya nyingine mbele yenu nyote.