Kupokea nako ni kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Baraka, Fizi)

 

Nimepewa nafasi niseme juu ya kusaidiana kama watu wa kanisa. Juu ya kutoa sitasema mengi. Mahubiri ya kutoa tumeyasikia tangu Lugufu mpaka Nyarugusu. Leo tuangalie kupokea.

Sisi tuliotoka Tanzania tulipokea miaka mingi. Tulikuwa na kadi, tunapanga mstari, tunapimiwa unga, maharage, mafuta, chumvi. Hakuna aliyeuliza, wewe unaweza kutoa nini? Basi tulipovuka ziwa na kufika hapa, wengi waliapa: mimi sipangi mstari tena. Ninawaelewa kabisa. Lakini kiapo kile kimeingia mpaka ndani ya chama chetu, na kinatuumiza.

Kuna mama mmoja kati yetu, jina nitaliacha. Mtoto wake alishikwa na malaria nzito wakati wa mvua. Mama akauza mabati matano na jembe, alipe hospitali. Na feza ya wagonjwa ilikuwa kwenye sanduku letu, imelala! Tulipomuuliza mbona hakusema, akajibu: «Sijalipa mchango miezi mitatu. Tena mukinisaidia, mutanisoma mbele ya watu.» Wandugu, ni kweli. Majina tunayasoma. Hata picha tunapiga, mtu ameshika mfuko wa unga. Mtoto alipona, asante Mungu, lakini mvua yote iliyobaki ilimnyeshea mama yule ndani ya nyumba.

Mukifika nyumbani someni 1 Wafalme 17. Eliya amekimbia, njaa imejaa inchi, Mungu anamtuma Sarepta, upande wa Sidoni, kwa wageni. Kwa tajiri? Hapana, kwa mjane aliyebaki na unga wa mkono mmoja tu. Nabii yule, mkimbizi kama sisi, akaomba maji, kisha akaomba na mkate. Hakujifanya ameshiba. Na kwa kuomba kwake, mjane na mtoto wake nao wakapata kula siku nyingi.

Tena katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwakaripia. Walitengeneza utaratibu, wakachaguliwa watu saba.

Na sisi tutengeneze wetu. Kamati, nawaomba: majina ya waliosaidiwa yasisomwe tena. Isomwe feza iliyotoka, na namba ya mwanachama iandikwe badala ya jina. Wafadhili wana haki ya kuona feza imekwenda wapi, daftari watafunguliwa. Picha wapige nyumba iliyoezekwa.

Juu ya mchango, najua kuna mzee hapa atasema nawafungulia wavivu mlango. (Ameshaanza kutikisa kichwa.) Mzee, Paulo katika Wagalatia 6 anasema tubebeane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu abebe wake. Yote mawili ni kweli. Sanduku tupu halimsaidii mtu. Lakini asiye na feza alete miti ya muhogo ya kupanda, aje salongo, au alale hospitali na mgonjwa wa mwenzake, na iandikwe kuwa amelipa.

Nanyi wafadhili, kitu kimoja. Mukitembelea nyumba na mama akaleta kuku, musiseme «kuleni ninyi, muko na shida». Kaeni mule. Mtu wa kupewa tu mwaka mzima, hapo mumemrudisha kambini.

Daftari jipya liko tayari kwa mama mweka hazina. Mwenye mgonjwa nyumbani, amfuate leo pembeni, hata kama mchango umechelewa.