Rupia ya Babu: Dukani au Mnadani?

Katika barua za mwezi huu imo moja kutoka Tanga ambayo nimeona niijibu hapa hewani, maana najua wako wengi wenye swali kama hilo. Mwandishi wake anasema wamefungua kasha la marehemu babu yao na kukuta mfuko wa kitambaa wenye sarafu 23 za zamani. Nyingi zina sura ya Mzungu mwenye masharubu aliyevaa kofia yenye ndege juu yake. Nyingine zina tundu katikati. Moja, kubwa ya fedha, ina sura ya mama mnene na tarakimu 1780. Warithi ni watatu na hawaelewani. Kaka mkubwa anataka zipelekwe kwa mwenye duka la vitu vya kale, alipe taslimu, yaishe. Wa pili ana kijana wake anayejua mambo ya intaneti, naye amemwambia kwamba sarafu kama hizo hupigwa mnada huko duniani kwa maelfu ya dola. Wa tatu, dada yao, amekataa zisitoke nyumbani mpaka ajulishwe ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Mimi niko upande wa dada. Hao ndugu wawili wanagombania mahali pa kuuza, na hakuna hata mmoja wao anayejua kilichomo mfukoni.

Basi tuanze na mfuko. Yule Mzungu wa kofia ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, na ndege ni tai. Rupia zenye sura yake zilipigwa tangu mwaka 1890 mpaka 1914 kwa ajili ya nchi hii ilipokuwa koloni lao. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na katika uzito huo kiasi cha gramu 10.7 ni fedha tupu. Mwanzoni iligawanywa kwa pesa 64. Baadaye, mwaka 1904, Wajerumani wakaifanya kuwa na heller 100, na ndiko tulikopata neno letu hela. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, kwa hiyo mtu asishangae kuzikuta hata vijijini ndani kabisa. Zilipigwa nyingi. Rupia ya kawaida iliyochakaa haipiti sana thamani ya fedha iliyomo, na wanaozitafuta huwa wanatazama mwaka wake na jinsi ilivyohifadhiwa.

Za tundu huenda ni za Mjerumani, huenda ni senti 5 na senti 10 za Mwingereza. Hapa nataka kuondoa uvumi mmoja. Ziko senti za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti. Kwa kuwa sarafu zenye jina lake zilipigwa kwa makoloni machache tu, watu hudhani ni adimu. Hapana. Za Afrika Mashariki zilipigwa kwa mamilioni, na hadi leo hununuliwa kwa bei ya soda. Ukale si uadimu.

Na yule mama mnene ni Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Reale yake ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu, kiasi kwamba baada ya kufa kwake iliendelea kupigwa na mwaka ule ule wa 1780, na kiwanda cha sarafu cha Vienna kinaipiga mpaka leo. Kwa hiyo ile ya Tanga huenda ilitoka kiwandani babu yao akiwa kijana. Aliyekuambia ina umri wa zaidi ya miaka 200 kwa sababu ameusoma mwaka, amekudanganya au amejidanganya.

Sasa twende dukani. Mwenye duka akikupa nusu ya bei atakayouzia, usiseme papo hapo kwamba ni mwizi. Analipa pango. Sarafu aliyonunua leo yaweza kukaa kabatini miaka miwili bila kupata mteja. Akinunua ya bandia, hasara ni yake. Nawe unaondoka na fedha mkononi siku hiyo hiyo. Kwa rupia za kawaida hiyo ni biashara ya haki. Ubaya wa duka ni kwamba anayekuambia thamani ya mali yako ndiye huyo huyo anayeinunua. Mwamuzi ndiye mchezaji wa timu ya pili. Na ziko mbinu zake. Ya kawaida kabisa ni kuutikisa mfuko mzima na kutaja bei moja: "Zote hizi nakupa kiasi hiki." Mara nyingi akisema hivyo, ameshaiona moja. Mwombe apange sarafu mezani na kuandika bei ya kila moja kwenye karatasi, kisha nenda kwa wa pili na wa tatu. Asiyekubali kuandika, muage kwa adabu.

Kwa sonara ni afadhali usiende kabisa, isipokuwa na sarafu iliyoharibika. Sonara hupima uzito, hana haja na mwaka wala sura, na akishaiyeyusha hakuna tena cha kudai.

Mnada wa intaneti nao una hesabu zake. Soko kubwa la aina hiyo, eBay, lilianzishwa Marekani mwaka 1995, na watu wengi hudhani ukiweka kitu pale dunia nzima itakimbilia. Mnada hauhitaji dunia nzima. Unahitaji watu wawili wanaokitaka kitu kile kile kwa wakati mmoja. Akiwapo mmoja tu, atakichukua kwa bei ya kuanzia, hata kama alikuwa tayari kulipa mara kumi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Rupia ya kawaida imefika dola 30 mnadani. Kamisheni tuseme ni asilimia 13: ondoa dola 4 hivi. Umepiga picha, umejibu maswali ya wageni usiku, umesimama kwenye foleni ya posta, umesubiri wiki kadhaa. Mwenye duka angekupa labda dola 18. Tofauti ni dola 8, na kifurushi kimoja kikipotea umekula faida ya rupia kadhaa. Lakini tuseme ni sarafu adimu na imefika dola 4,000. Kamisheni ile ile ni dola 520, unabaki na 3,480. Mwenye duka akikupa hata asilimia 60, ni 2,400. Hapo tofauti ni zaidi ya dola 1,000, na watoto wanaweza kulipiwa karo.

Je, sarafu ya namna hiyo yaweza kupatikana katika mfuko wa babu? Yaweza, ingawa ni bahati kubwa. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na sarafu haziingii tena kutoka kwao, walizipiga wenyewe katika karakana ya reli pale Tabora. Walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Zilipigwa 16,000 na ushei kabla Wabelgiji hawajauteka mji ule Septemba mwaka huo. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu, na ikiwa nzima huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini karakana ile ile ilitoa heller 20 za shaba kwa zaidi ya milioni moja, zenye mwaka ule ule wa 1916 na herufi T ya Tabora. Mara kwa mara watu hunionyesha hii ya pili wakiamini wameshika ile ya kwanza.

Hata hivyo, sarafu ya dola 4,000 ukiiweka mnadani mwenyewe, wewe ambaye hujawahi kuuza hata kitufe, unatoka nchi ya mbali na huna sifa yoyote iliyoandikwa na wateja, wanaojua watakuogopa. Watakumbuka kwamba ile ya Tabora imeghushiwa sana. Watatoa bei ya woga, au watashinda na wasilipe, au watalipa kisha wadai warudishiwe fedha. Na kuipeleka ni shughuli: kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu ndani ya barua ya kawaida isiyo na bima. Hakikisha pia, kabla ya kutangaza, kwamba fedha kutoka nje zitakufikia kwa njia halali kupitia benki yako.

Kwa hiyo kwa kitu adimu mimi nasema kuna njia ya tatu: nyumba za mnada zenye wataalamu wa sarafu, ambazo siku hizi huendesha mnada ukumbini na kwenye intaneti kwa pamoja. Spink ya London ina historia inayoanzia mwaka 1666. Künker ya Osnabrück, Ujerumani, huuza sarafu tu na vitu vya jamii hiyo. Hao huichunguza kwanza, huieleza katika orodha yao, na jina lao ndilo humtoa mnunuzi hofu. Nao si malaika. Huchukua kamisheni kwa muuzaji, na kwa mnunuzi huongeza asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo. Usidhani hiyo ya mnunuzi haikuhusu. Anayejua atalipa 1,200 jumla hasimami zaidi ya 1,000. Uliza makato yote kwa maandishi, na uweke bei ya chini ambayo sarafu isiuzwe ikipungua hapo. Vilevile tazama nani anataka nini: za Mjerumani zina wapenzi wengi Ujerumani. Reale za Sayyid Barghash wa Unguja za mwaka 1882 huwavutia pia watu wa Oman, kwa kuwa ni ukoo wao wa Busaidi. Ila zile pesa zake za shaba zenye picha ya mizani, usizisafirie. Ni tele.

Yapo mambo mawili yanayoniudhi. La kwanza ni wale wanaopita mitaani wakinong'ona kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu na kuna tajiri anaitaka kwa mamilioni, kisha wanaomba kwanza "gharama ya kipimo". Kipimo cha sarafu ni mizani na macho. Anayetaka kununua ndiye anayetoa pesa.

La pili ni sarafu za Kilwa, vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa zamani vinavyookotwa ufukweni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Havifanyiwi biashara wala kutolewa nchini bila kibali, iwe dukani au mnadani. Ukiokota, peleka Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho, na useme uliokota wapi hasa, maana bila kujua mahali nusu ya habari yake imepotea.

Nirudi kwa watu wa Tanga. Kama ningekuwa nanyi, ningenunua mizani ndogo ya gramu, nikaandika katika daftari uzito, mwaka na herufi ya kila sarafu, nikazipiga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani. Picha hizo mkizituma kwa nyumba mbili za mnada, mtajua kama imo ya kusafirishwa. Zilizobaki zipelekeni madukani moja moja kama nilivyosema, na dada yenu awepo, daftari likiwa mkononi mwake.

Barua yenu inasema pia kwamba mbili mmeshazisugua kwa limau na majivu ili zivutie. Hapo mmezipunguzia bei. Mkusanyaji hutaka weusi ule wa miaka, na mikwaruzo ya majivu huiona kwa kioo chake mara moja. Hizo mbili msizipake kitu kingine chochote kuzirudisha zilivyokuwa. Zitieni katika karatasi safi, kila moja peke yake, na zile 21 msiziguse hata kwa kitambaa.