Udongo Kwanza, Mbegu Nyuma



Wakati tulirudi, kila mutu aliuliza: shamba langu liko namna gani? Wamemba wetu wa upande wa Kabambare walikuta mashamba yamegeuka machimbo ya zahabu. Sasa wachimbaji wameondoka, majani yameota, udongo unaonekana muzuri. Tulikuwa tayari kugawa mbegu.

Leo tunaomba tungoje kidogo. Pale zahabu ilioshwa, zebaki ilimwangika. Pale ilichomwa, moshi wa zebaki ulishuka tena juu ya udongo. Zebaki haiozi sawa majani; kupumzisha shamba hakuiondoi. Mvua inaibeba mpaka mutoni, na ndani ya matope inageuka sumu kali zaidi inayoingia katika samaki. Maji ya Kabambare yanashuka na Luama mpaka Lualaba. Sisi wa Nyangwe tunakula samaki wa Lualaba. Basi shida ni yetu wote.

Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Si risasi ya bunduki. Ni madini yaliyokuwa ndani ya mawe ya zahabu yaliyosagwa kwenye viwanja vya nyumba. Walikwangua udongo wa juu, wakaufukia mbali, wakaleta udongo safi. Juu mtoto akitibiwa halafu arudi kucheza katika udongo ule ule, dawa inafanya kazi bure.

Njo maana tumepatana hivi. Wazee na wachimbaji wenyewe watatuonyesha mahali pa kuoshea na pa kuchomea. Udongo wa pale utapimwa. Mpaka majibu yafike, pale hapalimwi, udongo wake haufyatuliwi matofali, watoto hawachezi. Penye sumu patakwanguliwa na watu wenye ujuzi. Pembeni tutapanda majani na miti ya kushika udongo usishuke mutoni. Na vijana wanaochimba bado, tunawasihi: musichome zahabu ndani ya jikoni.

Wenye mashamba yaliyofungwa watalima musimu huu pamoja na wenye mashamba salama. Tunajua ni uzito kwa pande zote mbili.

Kwa wafazili: mulitoa feza za mbegu. Tunaomba ruhusa sehemu yake ipime udongo kwanza. Tulirudi kwa kulisha watoto wetu, si kwa kuwapa sumu ndani ya sahani ya bukari.